Herufi Mbili Juu ya Chipu



Ndugu zangu vijana, na wazee mlioketi nasi, leo tumzungumzie mtu ambaye wengi wetu hatujamsikia, ilhali matunda ya kazi yake yako ndani ya simu iliyo mfukoni mwako. Ni Federico Faggin, Mtaliano, mzaliwa wa Vicenza mwaka 1941.

Alisoma shule ya ufundi, na akiwa na miaka 19 tu alikuwa Olivetti akisaidia kuunda kompyuta ndogo ya majaribio. Wengine wangetosheka na mshahara. Yeye akarudi darasani, akapata digrii ya fizikia Padova mwaka 1965. Mwaka 1968 akapelekwa Palo Alto, Marekani, kwa miezi sita. Hakurudi.

Aprili 1970 akaingia Intel. Kampuni ya Kijapani, Busicom, ilikuwa imeagiza chipu za mashine ya kupigia hesabu. Wazo la jumla lilikuwa la Ted Hoff na Stan Mazor, lakini kuichora chipu yenyewe hakukuwa kumeanza. Mara Masatoshi Shima akafika kutoka Japani kukagua kazi, akakuta hakuna kitu! Alikasirika kwelikweli. Na lawama zikamwangukia nani? Mgeni wa juzi.

Faggin hakujitetea sana. Alikaa na huyohuyo Shima, wakafanya kazi mchana na usiku. Mwisho wa 1970 chipu za kwanza zikatoka kiwandani: hata moja haikufanya kazi. Alipoziangalia kwa darubini akagundua tabaka moja lilisahauliwa. (Fikiria, miezi yote ile!) Januari 1971 zikaja nyingine. Akazipima peke yake usiku, hadi wenye nyumba zao wamelala, na zikafanya kazi. Hiyo ndiyo 4004, transista 2,300 juu ya kipande kidogo kuliko ukucha. Pembeni akatia herufi F.F.

Mwisho wa 1974 akaondoka, akaanzisha Zilog pamoja na Ralph Ungermann. Mwaka 1976 wakatoa Z80. Hapa ndipo ujanja wa biashara: programu zilizoandikwa kwa 8080 ya Intel, ambayo ni yeye aliyeiongoza, zilikwenda pia kwenye Z80. Mteja hakuhitaji kuanza upya. Chipu hiyo iliuzwa mpaka Zilog ilipotangaza mwaka 2024 kwamba inaisimamisha.

Lakini kuondoka kulimgharimu. Kwa miaka mingi Intel ilipoisimulia 4004, jina lake halikutajwa. Aliyesimama imara ni mkewe, Elvia. Alikusanya ushahidi, akaandika barua, hakuchoka. Mwaka 2010 Rais Obama, ndiyo, huyohuyo mwenye asili ya Siaya, akamvisha Faggin nishani ya taifa ya teknolojia, pamoja na Hoff na Mazor.

Na katika ubishi wote ule, ushahidi mmoja haukuhitaji barua. Ukiiweka 4004 chini ya darubini, F.F. ipo palepale pembeni.