Oili ya Pikapu Yetu

(Maneno haya yalisemwa mbele ya wanakisomo na kamati ya usafiri ya kijiji, siku pikapu ya ushirika ilipoletwa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)



Nimeombwa niseme juu ya kupima na kubadilisha oili. Najua wengine mnajiuliza: huyu ni mwalimu wa elimu ya watu wazima, oili inamhusu nini? Kwa nini asiitwe fundi? Fundi yupo, amekaa pale nyuma, nami nikikosea atanisahihisha. Lakini fundi haishi hapa kijijini. Gari litaishi hapa. Basi anayetakiwa kuijua oili kwanza ni nyinyi.

Wazee wetu miaka ya 1970 walijifunza kusoma kwa vitabu vya pamba, vya migomba, vya tumbaku na vya uvuvi. Mtu alisoma neno, kisha akaenda shambani kulifanya lile neno. Leo kitabu chetu ni kopo la oili na kijiti cha kupimia. Navyo vinasomwa.

Nianze na jambo linaloniuma. Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi katika kijiji kingine, sitakitaja. Kilikuwa na pikapu ya dizeli kama hii. Usiku mmoja tulimpakia mama mwenye uchungu wa kuzaa tumpeleke hospitali. Mimi nilikaa mbele na dereva. Tukiwa njiani niliona taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi, ina picha kama ya birika linalodondosha tone. Niliitazama. Dereva naye aliitazama. Akasema, "Hiyo huwaka waka tu." Nami nikanyamaza. Nina cheti cha ualimu, nasoma magazeti, lakini alama ile sikuijua kuisoma. Baada ya kilometa chache injini iligonga kama mtu anayepiga sufuria, ikalia, ikasimama. Imenoki. Mama yule alijifungua kando ya barabara, juu ya khanga, kwa mwanga wa tochi. Namshukuru Mungu, yeye na mtoto ni wazima. Pikapu haikupona. Ilikaa chini ya mti miaka miwili, kuku wakitagia ndani yake.

Fundi alipofungua injini ile, oili iliyobaki haikujaa kikombe cha chai.

Sasa, oili inafanya kazi gani? Ndani ya injini chuma kinasugua chuma, kwa haraka sana. Oili hukaa katikati, vyuma visigusane. Tena huchukua joto na kulitoa. Tena huchukua uchafu na kuupeleka kwenye filta. Ukisaga mahindi jiwe kwa jiwe bila nafaka katikati, unasaga nini? Unasaga mawe. Ndivyo injini bila oili.

Injini ya dizeli ina tabia yake. Haina plagi ya kutoa cheche kama ya petroli. Yenyewe hubana hewa kwa nguvu nyingi, mpaka ijae mara 20 hivi ndani ya nafasi ndogo, na hewa hiyo huwa moto kiasi cha kuiwasha dizeli ikipulizwa. Kuungua huko huacha masizi, na masizi mengine huingia katika oili. Kwa hiyo oili ya dizeli huwa nyeusi upesi. Umebadilisha juzi, leo nyeusi. Msiogope, na wala msidanganywe na mtu anayesema, "Oili nyeusi, nipeni fedha nikanunue nyingine." Weusi peke yake si ugonjwa. Kinachotuambia muda umefika ni kilometa, na daftari.

Haya, kupima. Gari lisimame mahali tambarare. Likiwa mlimani, oili inalala upande mmoja, kijiti kitakudanganya. Wakati mzuri ni asubuhi kabla ya kuwasha, kwa kuwa oili yote imeshuka chini. Kama gari limetoka safari, zima injini, ngoja kama dakika 10. Vuta kijiti. Usikisome bado! Mara ya kwanza kimejipaka paka kila mahali. Kifute kwa kitambaa safi kisichoacha nyuzi. Kirudishe mpaka mwisho, kivute tena. Sasa kisome.

Utaona alama mbili. Katika gari letu, ya juu ina herufi F, ya chini ina L. Oili ikiwa kati ya mbili hizo, karibu na F, safari njema. Ikiwa karibu na L, ongeza. Ikiwa chini ya L, gari lisiondoke, hata kama Mwenyekiti mwenyewe ana safari. (Mwenyekiti unacheka, lakini nimesema mbele ya mashahidi.)

Kuongeza ni kidogo kidogo. Mimina robo lita, ngoja, pima. Wako watu wanaofikiri oili nyingi ni heri nyingi. Sivyo. Ikizidi F, vyuma vinavyozunguka chini huipiga kama anayekoroga uji, ikatoa povu, na povu halilainishi chuma. Na injini ya dizeli ina balaa jingine: oili ikizidi sana inaweza kuvutwa mpaka mahali pa kuungulia, injini ikaila kama dizeli. Hapo hata ukizima swichi haizimiki.

Kijiti kinasema mengine pia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Oili ikipanda yenyewe bila mtu kuongeza, na ukiinusa inanuka dizeli, dizeli inavujia ndani. Yote mawili, usiwashe, muite fundi.

Nani apime? Dereva, kila asubuhi ya safari. Lakini napendekeza mwanakamati mmoja asimame pale, naye akisome kijiti. Si kwamba tunamdharau dereva. Hata fedha za ushirika huhesabiwa na watu wawili.

Sasa kununua. Hapa kisomo chenu ndipo kinalipa. Pale dukani makopo yote yanang'aa, yote yana picha za magari. Msinunue picha. Tafuteni herufi. Kwenye kopo kuna neno API, na baada yake herufi mbili au zaidi. Zikianza na C, kama CF-4 au CI-4, oili hiyo ni ya injini ya dizeli. Zikianza na S peke yake, kama SL, ni ya petroli. Makopo mengine yana zote mbili, mathalani CI-4/SL, hayo yanafaa. Kisha kuna namba, kama 15W-40. Hiyo inaeleza uzito wa oili, ya kwanza wakati wa baridi, ya pili injini ikiwa ya moto. Kwa pikapu yetu na joto la huku, 15W-40 inafaa. Gari jingine, mtasoma kitabu chake. Na oili ya giaboksi si ya injini, hata muuza duka aape.

Mama mmoja wa darasa langu la jioni, mwenye wajukuu watano, alitumwa na kikundi chao kununua oili. Muuzaji akampa kopo. Mama akaligeuza, akasoma herufi moja moja kwa sauti, kama tunavyosoma darasani. Akasema, "Mwanangu, hapa pameandikwa S. Nimeambiwa C." Muuzaji alibadilisha bila neno. Mama yule alikuwa amemaliza hatua ya kwanza tu. Angalieni pia mfuniko: kama lakiri imekatika, liacheni kopo hilo hapo hapo, maana wako wanaojaza oili kuukuu katika makopo mapya.

Tubadilishe lini? Kwa pikapu ya dizeli ya zamani kama yetu, kila kilometa 5,000 ni kipimo kizuri. Barabara zetu ni za vumbi na mizigo ni mizito, kwa hiyo tusipitishe. Mkiwahi kidogo hakuna hasara. Leo dashibodi inasoma 87,400. Jumlisheni 5,000. Nani amepata? Ndiyo, 92,400. Namba hiyo iandikwe kwenye kadi, ibandikwe mbele ya dereva. Na filta mpya ibadilishwe kila mara, si kila mara mbili. Kuweka oili mpya juu ya filta kuukuu ni kuoga ukavaa nguo chafu.

Siku ya kubadilisha, washeni injini kama dakika tano, oili ipate uvuguvugu, ishuke pamoja na uchafu wake. Isiwe ya moto wa kuunguza. Zimeni, vuta breki ya mkono, ingiza gia, wekeni mawe mbele na nyuma ya matairi. Pikapu hii iko juu, mtu mwembamba anaingia chini bila kuinua. Mkitumia jeki, mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Jeki huteleza. Watu wamekufa hivyo.

Weka karai kubwa, la lita kumi. Fungua nati ya chini ya injini kwa spana inayoienea, ukizungusha kinyume cha saa. Hakikisha ni ya injini, si ya giaboksi. Muulizeni fundi mara ya kwanza, mpake rangi. Acha itiririke, kisha idondoke mpaka ichoke. Itazame ile oili ndani ya karai. Ukiona vipande vya chuma vinavyometa, mwambie fundi kabla ya kwenda mbele.

Filta nayo ifunguliwe. Hapa sikilizeni sana. Filta ina mpira wa duara. Wakati mwingine filta inatoka, mpira unabaki umeganda kwenye injini. Ukifunga filta mpya juu yake, mipira inakuwa miwili, nayo haibani. Oili yote inaweza kumwagika njiani kwa dakika chache. Pitisheni kidole muone. Mpira mpya upakeni oili mpya, kazeni kwa mkono mpaka uguse, halafu robo tatu ya mzunguko. Basi. Spana ya filta ni ya kufungulia. Nati ya chini iwekewe washa mpya, ikazwe imara bila ubabe, maana nyuzi zake zikikatika mtajuta.

Mimineni oili mpya juu, pungufu ya kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu kwa nusu lita. Washeni bila kukanyaga mafuta. Taa nyekundu izimike baada ya sekunde chache. Isipozimika, zimeni ninyi. Chunguleni chini kama kuna panapovuja. Zimeni, ngojeni, pimeni, ongezeni mpaka karibu na F. Kisha daftari: tarehe, kilometa, aina ya oili, lita ngapi, jina la aliyefanya.

Oili kuukuu isimwagwe chini, wala karibu na kisima au mto. Maji yakishaingiwa na oili hayanyweki. Msipake vidonda, msipake mifugo. Ina sumu, na kuishika mara nyingi kwa miaka kunaweza kuleta saratani ya ngozi. Mikono ioshwe kwa sabuni. Oili irudishwe katika makopo yake, yafungwe, yaandikwe OILI CHAFU kwa herufi kubwa, mtoto asidhani ni mafuta ya kupikia, na siku ya kwenda mjini ipelekwe gereji wanakoikusanya.

Nimesema mengi, na gari liko pale chini ya mwembe, limepoa tangu asubuhi. Twendeni. Nani ana kitambaa safi? Mama, njoo wewe uwe wa kwanza kusoma kijiti.