Nyumba ya Elfu Nane Otonglo: Mpangaji Hulipa Ngapi Hasa?

(Mazungumzo na wakazi)



Tangu Kisumu ilipotangazwa kuwa jiji mwaka wa 2001, mji umekuwa ukitambaa kuelekea magharibi. Umepita uwanja wa ndege ukiifuata barabara ya Busia, na palipokuwa na mashamba sasa pana maghorofa. Vibao vya "nyumba ya kupanga" viko kila kona. Familia nyingi zinahamia huku kwa sababu moja: kodi ni nafuu kuliko karibu na mjini. Je, ni nafuu kweli?

Hebu piga hesabu, kwa bei za mfano tu. Mume na mke wanafanya kazi mjini. Wamepata nyumba ya chumba kimoja cha kulala, Sh8,000 kwa mwezi. Kabla ya kupewa ufunguo wanatoa kodi ya mwezi wa kwanza na dipositi ya kiasi hicho hicho, Sh16,000. Weka dipositi ya maji na stima, Sh2,000, na pikapu ya kuhamisha vitu, Sh2,500. Usiku wa kwanza wanalala wakiwa wametumia Sh20,500, na pazia bado halijanunuliwa.

Kisha ije miezi. Nauli ya Sh50 kwenda na Sh50 kurudi, kwa siku 26, ni Sh2,600. Wao ni wawili, kwa hivyo Sh5,200. Tokeni Sh1,000, taka Sh200. Jumla na kodi ni Sh14,400. Nyumba ya Sh11,000 ambayo wangetembea kwa miguu hadi kazini, kwa tokeni na taka zilezile, ingewagharimu Sh12,200. Ile ya bei rahisi imewazidishia Sh2,200 kila mwezi. Na mfereji ukikauka, mitungi sita kwa siku kwa Sh10 kila mmoja inaongeza Sh1,800. Ndiyo maana swali la maji linafaa kuulizwa kwa majirani wa ploti, si kwa ajenti. Ajenti hajawahi kuona mfereji uliokauka.

Stima nayo ina jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa Kenya Power, mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, na anayepita 100 hulipa bei ya juu. Ploti ikiwa na mita kuu moja, matumizi ya nyumba zote hujumlishwa. Mjane mwenye balbu mbili na redio anajikuta akilipa kwa bei ya mwenye friji na pasi. Kwa hivyo uliza kama nyumba ina mita yake.

Sasa sheria. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ipo tangu 1959, na ina mahakama yake maalum, lakini inawahusu wapangaji wa nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Wa vyumba vya mabati huenda wakaguswa nayo. Wa ghorofa la Sh8,000 hawamo. Kinga yao kubwa ni mkataba ulioandikwa. Mkataba useme dipositi itarudishwa lini, nani atalipia rangi, na notisi ni ya muda gani. Mwenye nyumba mwema hataogopa karatasi hiyo, maana inamlinda yeye pia dhidi ya mpangaji anayehama usiku.

Kodi ikichelewa, mwenye nyumba ana haki ya kudai chake. Lakini kukamata mali ya mpangaji ni kazi ya dalali wa mnada mwenye leseni, anayefuata utaratibu wa sheria. Kung'oa mlango au mabati si utaratibu huo.

Siku ya kuingia, piga picha kuta, sinki, vioo na kufuli. Fanya hivyo tena siku ya kutoka, msimamizi wa ploti akiwepo, na risiti zote zihifadhiwe, hata ujumbe wa M-Pesa. Dipositi ikizuiliwa bila sababu, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya pesa yasiyozidi Sh1,000,000, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Mlalamishi anaweza kujitetea mwenyewe bila wakili.