Toyota Ilianzia Kwenye Pamba

Simama stendi ya Mwanhuzi, wilayani Meatu mkoani Simiyu, asubuhi utazame magari yanayojaza abiria: Hiace, Noah, Probox. Hayo yote ni Toyota, na fundi yeyote atakwambia sababu yake: spea zinapatikana.

Ila mkulima wa Meatu ana haki ya kujua jambo kubwa zaidi. Chimbuko la kampuni hii ni pamba. Sakichi Toyoda, mtoto wa seremala, alibuni mtambo wa kufuma nguo uliojisimamisha wenyewe uzi ulipokatika, ili kitambaa kisiharibike. Mwaka 1929 kampuni ya Platt Brothers ya Uingereza ilinunua haki za mtambo huo. Mwana wa Sakichi, Kiichiro, akageukia magari. Toyota Motor ikaanzishwa 1937, na gari lililozaa Land Cruiser likatoka 1951.

Kwa maoni yangu, sifa ya Toyota ya uimara ilianzia hapo, kwenye uzi. Nasi Simiyu tunaongoza nchini kwa pamba. Vinu vyetu huichambua, mbegu huku, nyuzi kule, kisha sehemu kubwa ya nyuzi husafirishwa nje bila kufumwa. Inaniuma kila ninapoona lori la marobota likiondoka.