Kabla Hujainua Pua ya Pikapu

Msikilizaji wetu wa Hounslow, kama una pikapu na unataka kuivalisha tairi kubwa, tulia kidogo kabla hujampa fundi kazi.

Ili tairi kubwa ipate nafasi, pua huinuliwa. Kwenye pikapu nyingi za kisasa, shokapu na springi ya mbele vimeshikwa katikati ya mkono wa chini, mbali na gurudumu. Ndiyo maana kipande cha chuma cha milimita 25 kikiwekwa juu ya shokapu huweza kuinua pua kwa takriban milimita 50. Hapo sivi jointi huanza kufanya kazi kwa pembe kali, boljointi huelemewa, na mipira ya breki huvutika. Mwambie fundi avikague vyote usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho, kulia na kushoto. Alaimenti ni lazima. Usipofanya, tairi hizo za bei kali zitaliwa upande mmoja.

Na mita ya mwendo? Ukitoka tairi ya inchi 30 kwenda 33, mita ikisoma maili 40 kwa saa kwenye Great West Road, kwa kweli unaweza kuwa unakwenda 44. Sheria ya Uingereza hairuhusu mita isome pungufu ya mwendo halisi, na kamera haitajali mita yako. Taa nazo zishushwe, maana pua ikipanda zinampiga machoni anayekuja mbele.

Lakini ninalokusihi zaidi ni bima. Iarifu kampuni kabla ya kazi kuanza, upate jibu kwa maandishi. Ukificha, siku ya ajali wanaweza kukataa kukulipa.