Tajiri wa Chombo Atarajie Nini kwa Baharia Wake?



Lalamiko ninalolisikia zaidi kwa wenye biashara hapa kisiwani Ndau, Lamu, halihusu mtaji. Linahusu watu: "Hawa vijana hawana uchungu na kazi." Mwenye mashua analisema, mwenye duka analisema, na kikundi cha akina mama nacho kinalisema. Naomba tulipime kwa kazi tunayoijua sote, uvuvi wa kamba mawe.

Tuseme chombo kimetoka na nahodha na wazamiaji watatu, mauzo yakawa shilingi 30,000. Petroli, barafu na chakula vimekula 9,000, zikabaki 21,000. Taratibu za kugawa hutofautiana, lakini tuchukue mafungu saba: mawili ya chombo, moja la mashine, manne ya watu. Kila mtu anapata 3,000, tajiri 9,000. Mimi sioni dhuluma hapo. Mbao zinaoza, mashine inaharibika, na mwenye kugharamia ni tajiri. Sasa ije siku mbaya, mauzo yawe 9,000 tu. Hakuna anayepata kitu, ila tajiri angali na chombo chake ufukweni, na baharia amerudi na uchovu wake. Ukitaka mtu huyo akionee chombo uchungu sawa na wako, unadai kitu ambacho hukumlipia wala hukumgawia.

Wazee wetu walilijua hili, ndiyo maana baharini walilipana kwa fungu. Mzamiaji ana sababu ya kushuka mara moja zaidi, kwa kuwa katika kamba atakayempata mna haki yake. Mfanyakazi wa mshahara hana sababu hiyo, na si haki kumlaumu. Kwake tutarajie kazi tuliyopatana, saa tulizopatana, na iwe kazi nzuri. Anayetaka zaidi ya hapo na agawe zaidi.

Wapo wanaodhani wameshika watu kwa deni. Tajiri anatoa nyavu, anakopesha pesa za harusi au za matibabu, kisha mvuvi analazimika kumuuzia yeye tu, kwa bei yake. Deni humleta mtu kazini asubuhi, lakini halimfanyi aitunze mashine yako. Na akipata mnunuzi wa pembeni mwenye bei bora, kamba wengine hutawaona.

Kuna pia suala la msimu, ambalo wengi wetu tunalisahau tukiandika mipango ya biashara. Kusi ikivuma, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba, nje ya miamba bahari huchafuka na mzamiaji haoni kitu. Kijana atakwenda shambani, au atafuta kazi ya ujenzi Lamu au Mombasa. Ramadhani nayo ina mwendo wake. Marufuku ya kuvua usiku, iliyodumu miaka kwa sababu za usalama, iliwafundisha wavuvi wa Lamu kutotegemea kazi moja, na mimi naona hiyo ni busara. Hata Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mwajiriwa siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na likizo ya siku za kazi zisizopungua 21 kwa mwaka. Mpango unaotaka watu wote wafike kila siku, miezi 12, una kasoro tangu ulipoandikwa.

Hata hivyo, wapo wachache wanaoamka usiku wa mvua kwenda kufua maji chomboni bila kuitwa. Tusiwafanye kipimo cha kuwalaumu wengine. Mtu wa namna hiyo apewe njia ya kumiliki: akatwe kidogo kidogo katika fungu lake msimu hadi msimu, mpaka nusu ya lile fungu la mashine iwe yake. Hapo uchungu utakuwa na msingi.

Ombi langu ni hili. Kabla kaskazi haijaanza, kila mwenye chombo akae na mabaharia wake mbele ya kamati ya BMU, yaani kitengo cha usimamizi wa fuo, waandike mafungu ni mangapi, gharama zipi hutolewa kabla ya kugawa, deni linakatwa vipi, na anayetaka kuondoka atoe taarifa siku ngapi kabla. Wenye maduka na vikundi nao wafanye vivyo hivyo na watu wao. Kikao hicho kifanyike mwaka huu.