BEI ILIYOPATANWA KABLA YA HAJA

(Maneno aliyoyasema mwanachama mmoja mbele ya mkutano wa Chama)



Nimeombwa niseme machache juu ya kuuzia serikali. Labda mtu ataniuliza, "Karani ana shauri gani na biashara?" Analo. Sisi ndio tuandikao hati za kuagiza, na wengi wetu tukistaafu hufungua duka.

Nilipokuwa karani wa bohari alikuwapo mzee mmoja muuza karatasi na wino. Kila ofisi iliyotaka rimu kumi ilimtaka alete bei upya na hati zake zote upya. Alizunguka ofisi hata ofisi. Ilipofika Juni, mwaka wa fedha ukikaribia kufungwa tarehe 30, tulinunua kwa haraka, na mwenye haraka hachagui. Aliyeuza hakuwa mwenye bei njema, bali aliyesimama karibu na mlango. Mzee yule akaacha biashara. Nakiri kwamba nami nilikuwa mmoja wa walinzi wa mlango huo.

Dawa yake ipo. Katika Tanzania, Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini, uliowekwa mwaka 2007, hutangaza zabuni za vitu na huduma zitakiwazo kila mara, kisha hufanya mikataba maalumu na wauzaji. Masharti hupatanwa mara moja. Ofisi ikipata haja huagiza kwa walio katika orodha, bila kuanza zabuni mpya.

Mfanyabiashara apata faida tatu. Kwanza, kazi ya kuthibitisha sifa zake huifanya mara moja, wala si kila wiki. Pili, ofisi nyingi zaweza kumwagiza, hata zile asizopata kukanyaga. Tatu, jina lake limeandikwa, na karani hawezi kusema hamjui.

Lakini nisiwadanganye. Mkataba huo si agizo. Wampa mtu nafasi ya kuagizwa, haumwahidi kiasi. Akikopa fedha na kujaza ghala siku aliyotia sahihi, huenda panya wakafika kabla ya mnunuzi. Tena bei za sokoni zikipanda, bei aliyoikubali yaweza kumfunga. Basi na asome kwanza sharti la kubadili bei. Na kwa kuwa malipo ya serikali mara nyingine hukawia, awe na akiba ya kumvusha.

Mwisho nasema nasi wenyewe. Orodha ikiwapo, tuifuate. Mali ikishapokelewa na kukaguliwa, hati ya malipo isilale mezani petu. Muuzaji aweza kuwa na mkataba mwema, lakini karani mvivu akauharibu kwa siku tisini za ukimya.