Mwendo Ndio Chakula cha Gegedu

Msikilizaji wa Mgololo, uwe mvuna miti au mfanyakazi wa kiwandani, ukivunjika mguu ukafungwa hogo, yaani plasta ngumu, likumbuke gegedu. Hili ni tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Halina mishipa ya damu. Hulishwa na ute wa kiungo, na ute husukumwa na mwendo. Kiungo kikilala wiki nyingi, gegedu hudhoofika. Wapo wasemao sindano ya kiungo inatosha. Haitoshi. Sindano ya steroidi hutuliza maumivu na uvimbe, hailishi gegedu.

Wengine huogopa mwendo utatengua mfupa. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana kiungo kilichofungwa hakichezeshwi. Chezesha vidole na viungo vilivyo huru, kama daktari alivyoelekeza. Hogo likitolewa, muulize mtaalamu mazoezi ya kuanza. Kumbuka: mwendo ndio chakula cha gegedu.